Maji Yarudishiwe Njia Yake

Masika hayaji kwa kuvizia. Kila mwaka, kaskazi ikipisha kusi, mvua huanza mwezi Machi na kuendelea hadi Mei. Wazee wetu waliyajua majira hayo, nasi twayajua. Hata hivyo, mvua ikinyesha usiku kucha, Dar es Salaam huamka imekatika vipande. Barabara ya Morogoro hufungwa pale Jangwani, mabasi ya mwendokasi husitishwa, foleni huziba kila njia ya mchepuko, na mgonjwa hukawia njiani akitafuta hospitali.

Tusiilaumu mvua. Mto Msimbazi huteremka kutoka vilima vya Pugu, ukapita katikati ya jiji na kumwaga maji baharini karibu na Daraja la Selander. Jangwani ni bonde lake, mahali pa kupumzikia maji tangu jiji halijawa jiji. Sisi ndio tuliojenga humo nyumba, karakana, hata kituo cha mabasi ya mwendokasi. Huko juu, ardhi iliyokuwa ikinywa mvua tumeifunika kwa bati, zege na lami. Maji hayana tena pa kuzama, hivyo hushuka kwa kasi na mchanga wake, na kina cha mto kikapungua.

Onyo tulikwisha kulipata. Desemba 2011, mafuriko yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na waathirika wakahamishiwa Mabwepande. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nayo imekataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Sheria hiyo isimwangukie fukara wa bondeni peke yake, ikamwacha tajiri anayemwaga kifusi na kuinua ukuta juu ya mkondo. Na fukara apewe kwanza kiwanja kilichopimwa anachokimudu, ndipo aambiwe ahame.

Wapo watakaosema kazi hii ni ya serikali. Ni kweli, sehemu kubwa ni yake. Mradi wa Bonde la Msimbazi, wenye daraja jipya la Jangwani ndani yake, usimamiwe kwa uaminifu hadi ukamilike. Lakini godoro bovu lililoziba kalvati ya mtaa halikuwekwa na waziri. Anayetapisha choo mvua inaponyesha hakutumwa na mkurugenzi. Huyo anampelekea jirani yake kipindupindu mlangoni. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Basi tufanye yaliyo mikononi mwetu. Mitaro izibuliwe Januari na Februari, jua likiwa bado kali, na tope lizolewe lipelekwe mbali. Likiachwa kandokando, mvua ya kwanza hulirudisha mtaroni. Viongozi wa mitaa wasimwonee haya mtupa taka, awe ndugu au mpiga kura. Dereva asiingie kwenye maji asiyoyaona chini, maana roho za abiria ni amana. Wala asitanue kwenye foleni, kwani anayetanua huwafungia njia wanaokuja upande wa pili, na mwisho hakuna apitaye.

Ndugu msomaji, mtaro ulio mbele ya nyumba yako ni sehemu ya Msimbazi. Uzibue kabla ya Machi, na umhimize jirani yako auzibue wa kwake.