Kigari cha Spoti na Kiu ya Petroli

Kijana mmoja mfanyakazi, mwenye mke na watoto wawili, ameniletea swali ambalo nimeona si vyema kulijibu faraghani, maana naamini si yeye peke yake mwenye kuliuliza. Amejiwekea akiba kwa miaka kadhaa, na sasa anataka kuagiza gari lililotumika kutoka Japani. Moyo wake umekipenda kigari cha spoti, kifupi cha kimo, chenye viti viwili. Mkewe hataki hata kulisikia jina lake, kwa hoja kwamba magari ya namna hiyo hunywa petroli kama mchanga unywavyo maji. Kijana anadai kinyume: kwamba kigari chake kitatumia mafuta machache kuliko lile gari kubwa la jirani yao, refu kama kibanda, ambalo kila mtu mtaani hulisifu kuwa ni gari la mtu mwenye busara. Nani mkweli?

Katika jambo la petroli peke yake, kijana ana haki zaidi kuliko mkewe anavyodhani. Katika jambo la nyumba, mke ana haki zaidi kuliko mumewe apendavyo kukiri. Lakini tusiende mbio. Tuanze na petroli.

Injini ya petroli, ndugu msomaji, ni mtumishi mfujaji. Katika kila lita tunayoipa, sehemu iliyo kubwa hupotea kuwa joto tu, ikatokea kwenye bomba la moshi na kwenye rejeta. Kile kidogo kinachobaki ndicho kinachosukuma gari, nacho kina maadui watatu. Adui wa kwanza ni uzito, ambao hutudai kila tunapoondoka kwenye taa za barabarani na kila tunapopanda mlima. Wa pili ni hewa. Wa tatu ni tairi, ambazo hubonyea na kunyooka kila zinapozunguka, na kubonyea huko kunakula nguvu.

Hewa yafaa tuitazame vizuri, kwani wengi huidharau kwa kuwa haionekani. Nguvu ya hewa ya kulizuia gari haikui sawasawa na mwendo, bali hukua kwa mraba wake. Dereva anayetoka kilomita 80 kwa saa kwenda kilomita 120 ameongeza mwendo wake kwa nusu tu, lakini hewa inamkabili kwa nguvu zaidi ya mara mbili. Hapa ndipo gari la spoti linapoanza kuonyesha faida yake: ni jembamba, limeinama, na pua yake imechongwa. Gari refu la jirani linakwenda likiisukuma hewa kwa kifua, kama mtu aliyebeba mlango dhidi ya upepo wa kusi.

Katika uzito pia gari la spoti la asili lina sifa. Nasema la asili, kwa sababu siku hizi jina hilo limepewa magari mengi yasiyostahili. Mwingereza Colin Chapman, aliyeunda gari lake la kwanza mwaka 1948 kutokana na Austin Seven kuukuu, na baadaye akaanzisha kampuni ya Lotus, aliamini kwamba njia ya kupata mwendo si kuongeza injini bali ni kupunguza uzito. Lotus Elan yake ya mwaka 1962 ilikuwa na injini isiyozidi lita 1.6, na bodi ya plastiki iliyotiwa nyuzi za kioo. Chapman alifariki mwaka 1982, lakini mawazo yake hayakuzikwa naye. Lotus Elise iliyotoka mwaka 1996 ilikuwa na fremu ya alumini iliyoungwa kwa gundi, ikawa na uzito wa kilo mia saba na kitu hivi, karibu nusu ya gari la kawaida la familia. Gari lenye uzito huo halihitaji injini kubwa ili liruke, na injini ndogo haihitaji petroli nyingi ili iishi.

Kigari anachokitamani kijana wetu ni cha ukoo huo huo. Mazda MX-5 ilianza kuuzwa mwaka 1989, ikiwa na uzito chini ya tani moja, na mwezi Aprili 2016 kiwanda kilitoa gari la milioni moja la aina hiyo. Katika vipimo vya serikali ya Marekani, toleo la mwaka 2016 lenye injini ya lita 2 na gia za mkono lilipata takriban kilomita 11.5 kwa lita mjini, na kilomita 14.5 katika barabara kuu. Hizo si hesabu za kuonea haya. Yapo magari mengi ya familia yasiyojua hata njia ya kuzifikia.

Basi ule usemi wa kwamba magari ya spoti ni walevi wa petroli ulitoka wapi? Ulitoka kwa ndugu zake wakubwa, wenye silinda nane, kumi na mbili, hata kumi na sita. Bugatti Veyron ya mwaka 2005 ilikuwa na silinda 16, turbo nne na nguvu za farasi 1,001. Ikiendeshwa kwa mwendo wake wa mwisho, zaidi ya kilomita 400 kwa saa, tanki lake la lita 100 hukauka kwa muda wa dakika 12 hivi. Piga hesabu mwenyewe uone: lita moja haifikishi hata kilomita moja. Huo si usafiri, ni fataki.

Injini kubwa ina kasoro nyingine isiyosemwa sana, nayo ndiyo inayoumiza mjini. Ili injini ya petroli ipunguze nguvu, kuna kilango kinachozuia hewa isiingie kwa wingi, na pistoni hulazimika kuvuta hewa kwa shida kupitia upenyo huo mdogo, kama mtu anayepumua akiwa amezibwa mdomo kwa kitambaa. Injini ya lita sita inayosogea hatua kwa hatua katika foleni hukaa katika hali hiyo saa nzima, ikichoma mafuta kwa kujipa uhai tu. Ni sawa na kuwasha jiko la harusi ili uchemshe kikombe kimoja cha chai.

Wamarekani walilazimika kulitafutia dawa jambo hili. Baada ya nchi za Kiarabu kuzuia mafuta mwezi Oktoba 1973, na bei ya pipa kupanda karibu mara nne katika miezi michache, Marekani iliweka kikomo cha mwendo cha maili 55 kwa saa, yaani kilomita 88, mwaka 1974. Mwaka 1975 ikapitisha sheria ya kuvilazimisha viwanda kutengeneza magari yenye kutumia mafuta kwa uangalifu, na mwaka 1978 sheria ya kuyatoza kodi maalumu magari yenye ulafi. Chevrolet Corvette, gari la spoti la silinda nane, ilikuwa hatarini kuangukia katika kodi hiyo. Mafundi wake wakabuni hila. Kuanzia toleo la mwaka 1989 lenye gia sita, dereva akiondoka polepole, kifaa humfungia gia ya pili na ya tatu, kikamlazimisha kutoka gia ya kwanza moja kwa moja hadi ya nne, ili injini izunguke taratibu. Kodi ikaepukwa. Wenye magari nao wakaenda madukani kununua kidude cha bei ndogo cha kukiua kifaa hicho. Binadamu ndivyo alivyo.

Dawa iliyo bora ilikuja baadaye. Corvette ya mwaka 2014, yenye injini ya lita 6.2 na nguvu za farasi 455, inaweza kuzilaza silinda nne kati ya nane wakati dereva hahitaji nguvu. Gari hilo lilipimwa likapata kilomita 12 na nukta kwa lita katika barabara kuu. Mjini, hata hivyo, liliangukia kwenye kilomita 7.2. Tofauti hiyo kubwa baina ya barabara kuu na mjini ndiyo jibu la nusu ya swali letu. Gari la spoti lenye injini kubwa laweza kuwa mcha Mungu safarini, kisha likawa mlevi katika foleni.

Hata katika mashindano yenyewe, ambako wengi hudhani petroli humwagwa bila kipimo, hesabu hufanywa. Tangu mwaka 1982 sheria za magari ya kundi la C ziliweka kiwango cha mafuta, na katika mashindano ya saa 24 ya Le Mans, huko Ufaransa, kila gari liliruhusiwa lita 2,600 na si zaidi. Mwaka huo Porsche 956 ya Jacky Ickx na Derek Bell ilishinda kwa kukata kilomita 4,899. Hiyo ni karibu kilomita 1.9 kwa lita, jambo linaloonekana dogo mpaka ukumbuke kwamba wastani wa mwendo ulikuwa kilomita 204 kwa saa, usiku na mchana, pamoja na kusimama. Madereva wa kundi hilo walijifunza kuiachia ekseleta mapema kabla ya kona, badala ya kukimbilia breki dakika ya mwisho. Katika Formula 1 nako, mwaka 2014 mafuta yaliwekewa kikomo cha kilo 100 kwa kila shindano, na mwaka 2017 Mercedes walitangaza kwamba injini yao, katika chumba cha majaribio, imegeuza zaidi ya nusu ya nguvu za mafuta kuwa kazi. Injini ya gari la mtaani haijapata kuota jambo hilo.

Wazee wetu nao wana ushahidi. Datsun 240Z, gari la spoti la silinda sita na uzito wa tani moja na kidogo, ilishinda Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1971 kwa mkono wa Edgar Herrmann, na mwaka 1973 kwa mkono wa Shekhar Mehta. Lilipendwa kwa sababu lilikuwa jepesi na imara. Warithi wake wakatiwa mapambo na viti vya starehe, na kila toleo likazidi kunenepa. Hivyo usidanganyike na jina lililobandikwa nyuma ya gari. Uliza kilo zake.

Kisha yuko dereva. Mwaka 2008 kipindi cha Top Gear cha televisheni ya Uingereza kililiendesha Toyota Prius, gari linalosifika duniani kwa kubana mafuta, kwa kasi yake yote kwa mizunguko kumi, huku BMW M3 ya silinda nane ikilifuata nyuma kwa mwendo huo huo. Prius ilipata kilomita 6 hivi kwa lita, na M3 ikapata karibu 6.9. Jaribio hilo lilikuwa na ujanja ndani yake, kwa sababu hakuna mtu mwenye akili anayeliendesha Prius namna ile, na katika foleni M3 ingeaibika vibaya. Lakini linaonyesha kwamba mguu wa dereva waweza kuifuta kazi yote ya mhandisi. Na hapa nina shaka na kijana wetu. Mtu hanunui gari linalopenda kukimbia ili alitembeze kama bibi harusi. Zile kilomita 14 zilipatikana kwa mguu mtulivu.

Sasa hoja ya mke. Petroli ya familia haipimwi kwa gari, hupimwa kwa vichwa. Kigari chenye viti viwili kikienda kilomita 14 kwa lita kimewapatia abiria wake kilomita 28 za watu. Gari la kawaida la watu watano, likienda kilomita 11 tu, limetoa 55. Basi la abiria 50 likienda kilomita 3 kwa lita, limetoa 150, na hakuna gari la spoti litakalolikaribia. Na siku ya kwenda kuwaona wazazi, watoto wawili watakaa wapi? Baba atakwenda na mmoja, arudi amchukue wa pili, au atakodi teksi ya kumfuata nyuma. Hapo petroli aliyoiokoa itakuwa imelipwa mara mbili. Kama angekuwa bado mseja ningemwambia akinunue, tena chenye injini ndogo. Kwa hali aliyo nayo, akiba ile ingefaa zaidi kwa gari dogo la milango minne lisilozidi tani moja na robo, ambalo litampa karibu faida zote nilizozitaja, isipokuwa kugeuzwa shingo na wapita njia.

Jambo moja zaidi kwa wanaotafuta magari yaliyotumika. Kabla ya kulipa, uliza injini yataka petroli ya aina gani, maana nyingi za spoti zina mgandamizo mkubwa au turbo, na hazistahimili petroli ya daraja la chini. Tazama pia upana wa tairi. Wenye magari wengi hubadili tairi nyembamba za kiwandani wakatia pana kwa urembo, wasijue kwamba kila siku wanalipia urembo huo kituoni. Juu ya upepo wa tairi, ambao wengi wetu huupima kwa kupiga teke, tutazungumza juma lijalo.