Neno moja linawapotezea wanafunzi fedha Luthuli

Mtu apitaye katika barabara ya Luthuli, jijini Nairobi, mwanzoni mwa muhula hakosi kuwaona wanafunzi waliotoka Kangemi, Kawangware na Uthiru wakitafuta fundi wa kuziongezea tarakilishi zao "nguvu" ili michezo ya video isikwamekwame. Fedha zao ni haba, na aghalabu sehemu yazo ni mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, ambao sharti ulipwe siku moja. Hoja yangu ni kwamba fedha hizo hupotezwa na lugha kabla hazijapotezwa na ufundi.

Chukua neno "kumbukumbu", au "memori" kama lisemwavyo dukani. Neno hilo hutumiwa kwa vitu viwili tofauti kabisa. Kuna kumbukumbu ya muda, ambamo mashine huweka kazi inayofanywa wakati huo, nayo hufutika umeme uzimwapo. Kisha kuna diski, ambamo faili hukaa hata mashine ikizimwa mwaka mzima. Mwanafunzi husema, "Niongezee memori," muuzaji akamtilia diski kubwa, na kila mmoja huamini kwamba wameelewana! Jioni mchezo unakwama vile vile. Diski za kisasa, zisizo na sahani inayozunguka, huharakisha kuwaka kwa mashine na kufunguka kwa mchezo, na hiyo si faida ndogo. Lakini kwa kawaida haziongezi idadi ya picha zinazochorwa kwa sekunde moja.

Tarakilishi nyingi za bei nafuu mjini ni zile zilizokwisha kutumika katika ofisi za ng'ambo. Nyingi hazina kadi ya michoro, hivyo hukopa kumbukumbu ya muda ili kuchora picha. Katika mashine ya namna hiyo, vipande viwili vya gigabaiti 4 hufanya kazi vizuri kuliko kipande kimoja cha gigabaiti 8, kwa kuwa data hupita njia mbili badala ya moja. Atakaye kununua kadi naye achunguze kwanza kisanduku cha umeme: katika mashine za ofisi aghalabu hakuna waya wa ziada wa kuilisha kadi, na nafasi inapochomekwa hutoa wati 75 tu. Zipo kadi zinazotosheka na kiasi hicho, kama vile GTX 1050 Ti ya mwaka 2016, ingawa hata hizo yafaa zipimwe, maana baadhi ya mashine ni nyembamba mno.

Yapo pia yasiyohitaji hata shilingi. Vumbi likiziba feni, bongo la mashine hupata joto na kujipunguzia mwendo lisiungue. Brashi laini yatosha kuliondoa. Kupunguza picha kutoka nukta 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720 huushusha mzigo kutoka nukta 2,073,600 hadi 921,600, yaani chini ya nusu. Muuzaji hatakuambia hayo, wala simlaumu, hayauziki.

Najua wapo walimu wenzangu watakaosema kwamba michezo ni upuuzi na heri ikwame. Sikubaliani nao. Praat, programu ya bure ya fonetiki iliyoundwa Amsterdam na Paul Boersma na David Weenink, kwa kawaida huisoma rekodi nzima ndani ya kumbukumbu ya muda. Mwanafunzi aliyeuziwa diski badala yake atateseka darasani kama anavyoteseka mchezoni.

Basi walimu wa Kiswahili na wale wa tarakilishi tukubaliane. "Kumbukumbu" libaki kuwa jina la ile ya muda pekee, na diski tuiite "hifadhi", neno ambalo tayari limo katika menyu za Kiswahili za simu zetu. Tulitumie ubaoni na katika mitihani, hadi mwanafunzi aweze kuingia dukani na kusema: "Nataka kumbukumbu, gigabaiti 4; hifadhi iache kama ilivyo."