Mbwa Achimbaye Uwanja

Mama wa nyumba huamka alfajiri, akafagia uwanja wake hata mchanga ukaonyesha mistari ya ufagio, kisha huenda kisimani. Arudipo huona shimo karibu na mlango, na mche wa mpapai umelala chini, mizizi yake juani. Mbwa amekaa kando, ana udongo puani. Basi fimbo hutafutwa, mbwa hupigwa mpaka akalia; na kesho yake shimo la pili huonekana. Jambo hili hutokea katika nyumba nyingi, na watu husema kwamba mbwa yule ni mwovu. Hukumu hiyo si ya haki. Mbwa huchimba kwa sababu, na mara nyingi sababu hiyo imewekwa pale na mwenye nyumba mwenyewe.

Watu wengi wapandapo mpapai au mgomba hufukia vichwa vya samaki chini ya mche, upate kustawi. Ni desturi njema kwa mti. Lakini pua ya mbwa huipita pua ya mtu mara nyingi sana, na samaki aliyefukiwa kina cha kiganja kimoja, kwake ni kama samaki aliyewekwa sahanini. Mtu huyo amemwandalia mbwa karamu, kisha humpiga kwa kuila. Heri atumie samadi iliyokwisha kuoza, au aweke mawe mazito kuzunguka shina.

Tena liko joto. Mbwa hatoki jasho mwili mzima kama mtu. Jasho lake ni kidogo, hasa katika nyayo, na joto hulitoa kwa kuhema, ulimi nje. Afungwapo kwenye kigingi saa sita mchana pasipo kivuli, huukwangua udongo wa juu ulio na moto, apate ule wa baridi ulio chini, akalala humo. Shimo hilo ni kitanda chake. Mtu alifukiaye pasipo kumpa mbwa kivuli na bakuli la maji, atalifukia kila siku mpaka masika.

Na hata penye kivuli, kuchimba ni tabia ya asili. Mbwa ni ndugu wa bweha, na bweha akishiba huifukia nyama iliyobaki, apate kuirudia. Mbwa afichaye mfupa bustanini hufanya vivyo hivyo. Mwingine husikia panya au fuko akitembea chini ya ardhi, akamfuata. Huyo hufanya kazi ambayo mwenye shamba angemlipa mtu kuifanya! Huko Uingereza watu wa zamani waliwachagua, kizazi baada ya kizazi, mbwa wadogo wa kuingia mashimoni na kuwatoa mbweha. Mbwa hao huitwa terrier, na jina lao latokana na terra, neno la Kilatini lenye maana ya ardhi.

Wako wasemao kwamba mbwa hajui neno ila fimbo. Ivan Pavlov wa Urusi, aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka 1904, alionyesha kwamba mbwa aliyezoea kusikia sauti fulani kabla tu ya kulishwa, hutokwa na mate aisikiapo, hata chakula kisipoletwa. Mbwa huunganisha mambo yafuatanayo karibu. Shimo lilichimbwa asubuhi, na fimbo imekuja jua likiwa juu. Kwake mambo hayo mawili hayana undugu. Ajifunzalo ni hili tu, kwamba bwana wake akirudi, maumivu huja. Watu humtazama akiinamisha kichwa, wakasema, "Ajua kosa lake." Huo ni woga. Akikutwa makucha yangali udongoni, neno moja kali latosha, kisha aitwe kwenda mahali pengine.

Wengine, wakichoka kupiga, humfukuza. Hilo ndilo baya kuliko mashimo yote. Mbwa asiye na mwenyewe huzurura majalalani, hapati sindano ya kumkinga na kichaa cha mbwa, na akiugua huwauma watoto wa watu wengine. Katika kila watu 100 wanaokufa kwa ugonjwa huo duniani, zaidi ya 90 wameambukizwa na mbwa. Na dalili zikisha kutokea, kupona ni kama hakuna. Mpapai mmoja hauna thamani hiyo.

Mbwa aliyetembezwa asubuhi na jioni, akafuatana na watoto machungani, hulala mchana. Yule afungwaye mwaka mzima hana kazi, na asiye na kazi hujitafutia. Ikiwa hata hivyo makucha yake hayatulii, apewe pembe moja ya uwanja, palipo na mchanga laini, na mfupa ufukiwe pale mara kwa mara akiona. Atapapenda. Jambo hili huwachekesha wazee, lakini pembe moja yenye mashimo ni afadhali kuliko uwanja mzima.

Achimbaye chini ya ua ataka kutoka, na mara nyingi ni dume aliyesikia harufu ya jike. Huyo mawe yaliyopangwa chini ya ua humzuia kwa muda, na daktari wa mifugo aweza kumhasi. Lakini jike mwenye mimba asizuiwe kwa mawe. Huichukua mimba yake siku 63 hivi, na zikikaribia kwisha hutafuta mahali pa giza, akachimba chini ya ghala au ukutani. Awekewe mapema kikasha chenye majani makavu, mbali na njia ya watu. Akikikataa na kulichagua shimo lake, liachwe hata watoto watakapotoka wenyewe, ndipo lifukiwe.