Tusikimbilie pikipiki ya pine tatu



Kila kipindi cha kukata matawi ya kahawa na kakao, ulizo ni lile lile: matawi haya yote tutayabeba na nini? Kuanzia vilima vya Butembo mpaka upande wa Beni, makundi ya vijana wanaokatia wengine miti kwa malipo yanatuomba kitu kimoja: «Mutusaidie kupata pikipiki ya pine tatu.» Tunawaelewa. Nani hachoke kubeba mafurushi ku kichwa kila siku? Lakini maoni yetu ni haya: tusinunue chombo mbele ya kujua nini inapaswa kutoka shambani.

Siye pia tulikosea. Kuna kundi moja tulilishauri linunue pikipiki ya namna hiyo. Wakati wa jua ilifanya kazi muzuri. Mvua ilipoanza, udongo mwekundu wa mulimani ukateleza kama sabuni. Pikipiki ikabaki chini barabarani, vijana wakaendelea kushusha matawi na kichwa. Kisha pine ikapasuka, na sanduku ya kundi haikuwa na feza ya kununua ingine. Tuliangalia nguvu ya masini, tukasahau kuangalia njia.

Leo tunashauri hivi. Kwanza, majani na vitawi vidogo visibebwe hata kidogo. Vikatwe na panga na vitandazwe katikati ya mistari. Vinafunika udongo, vinazuia mvua kuuchukua, na vikioza vinakuwa mbolea. Kulipa mutu aviondoe ni kulipa ili mbolea yako ipotee.

Pili, muti mugonjwa usisafiri. Wazee wa Beni wanakumbuka trakeomikoze, ule ugonjwa wa kunyausha kahawa ya robusta, namna ulivyomaliza mashamba katika miaka ya 1990. Wengi ndipo walihamia kwa kakao. Kuvu ya ugonjwa huo inakaa ndani ya muti. Ukiubeba kama kuni, unapitisha ugonjwa mbele ya shamba la jirani. Sherti ung'olewe na mizizi, uchomwe pale pale, na panga isafishwe mbele ya kugusa muti mwingine. Kwa kakao, matunda yaliyooza yatolewe ku miti na yafukiwe palepale shambani.

Kinachobaki cha kubeba ni miti minene: kuni na miti ya kujengea. Hapo ndipo hesabu ya chombo inaanza.

Ndani ya shamba na ku njia nyembamba, burueti inatosha. Kwa kushuka mulima, chukudu ni ngumu kuishinda: inabeba mamia ya kilo, hainywi esanse, na fundi wa mbao wa karibu anaweza kuitengeneza. Ubaya wake ni kupanda, na breki yake sherti iangaliwe kila asubui. Pikipiki ya pine tatu inafaa pale njia ni pana, soko ni mbali, na kuna safari nyingi kila juma. Tena tusisahau: matawi yanajaza chombo mbele ya kufikisha uzito. Yakatwe urefu moja, yafungwe, na safari zitapunguka hata bila kununua kitu.

Kama kundi bado linataka pikipiki, likodishe kwanza mwezi moja, wakati wa mvua. Muandike katika daftari safari zote, malipo yaliyoingia, esanse, na malipo ya mwendeshaji. Kama kisha hapo kunabaki feza ya pine na ya matengenezo, munaweza kununua bila woga. Kama hakubaki kitu, chukudu mbili na burueti moja zitawasaidia kushinda masini inayolala.

Wengine watasema tunawarudisha vijana nyuma. Tunawaheshimu, lakini tumeona kinachorudisha vijana nyuma: ni deni la chombo kisichotembea. Mnajua wenyewe kwamba hapa kwetu ukosefu wa usalama unaweza kufunga njia ya shamba kwa majuma mengi. Deni halingojei njia ifunguliwe.

Kwa hiyo, siku kundi litakapoleta ombi la pikipiki mbele ya mukutano wa koperative, musianze na kuuliza bei. Muombe kwanza daftari.