Nakala ya Nani? Hoja Dhidi ya Dhana ya "Asili" katika Filamu Mbili za Ozu

Pana mazoea yaliyoota mizizi katika semina zetu, nayo ni kuipima kazi iliyosimuliwa upya kwa kigezo kimoja tu: je, imeifikia ile ya kwanza? Wapo washikiliao kuwa ya kwanza ndiyo asili, na ifuatayo ni nakala iliyochujuka. Wapo pia, hasa yanapozuka mazungumzo kuhusu filamu, wasemao kinyume chake: kwamba filamu bubu ilizaliwa na upungufu, na ile yenye sauti na rangi ikaja kuukamilisha. Kambi hizi hujiona kuwa mahasimu. Makala haya yanashikilia kuwa ni ndugu wa tumbo moja, na kwamba zote mbili zimepotoka.

Tuzingatie kazi za mwelekezi Mjapani, Yasujiro Ozu. Mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 30, alitoa Ukigusa Monogatari, melodrama isiyo na sauti. Mwaka 1959, akiwa na miaka 55, aliisimulia hadithi hiyo upya kwa sauti na rangi, akaiita Ukigusa. Neno hilo lina maana ya magugu yaeleayo majini. Ndio waigizaji wasafirio wasio na makao. Kiongozi wa kundi la waigizaji anafika katika mji mdogo anakoishi mwanamke aliyezaa naye zamani. Kijana wao anamjua baba huyu kama mjomba tu. Hawara wa kiongozi, kwa wivu, anamlipa mwigizaji msichana amtongoze kijana. Wawili hao wanapendana kwa dhati, na uongo uliolindwa kwa miaka mingi unaporomoka.

Wanaodai kuwa filamu ya 1934 ilikosa sauti husahau tarehe. Filamu yenye mazungumzo ilikwisha kutengenezwa Japani mwaka 1931. Ozu hakutoa yake ya kwanza hadi 1936. Katika kipindi hicho jarida la Kinema Junpo liliziteua filamu zake bubu kuwa bora zaidi kwa miaka mitatu mfululizo, 1932 hadi 1934, na ya tatu ni hii tunayoijadili. Haielekei basi kuwa hadhira ya wakati huo iliiona kama kazi iliyosubiri kukamilishwa.

Isitoshe, katika majumba ya sinema ya Japani ya enzi hizo filamu bubu haikuwa bubu. Kando ya pazia alisimama benshi, msimulizi aliyefafanua matukio na kuwatolea wahusika sauti. Hadhira nyingine zilimfuata benshi kuliko walivyomfuata mwigizaji. Kwa mtu aliyesoma fasihi simulizi, huyu si mgeni: ni fanani. Tuonacho leo ni ukanda usio na fanani wake, kama vile ngano iliyopigwa chapa isivyo na mtambaji wala itikio la hadhira. Anayeihukumu filamu hiyo kuwa pungufu anaihukumu hifadhi, wala siyo kazi yenyewe. Ni kosa lile lile tulilowalaumu wageni kwa kulitenda dhidi ya ngano zetu. Ajabu ni kwamba sasa twalitenda sisi.

Tugeukie onyesho la ugomvi. Katika filamu zote mbili, mwanamume na hawara wake wanatukanana kila mmoja akiwa upande wake wa barabara, mvua ikinyesha katikati. Mwaka 1934 maneno yanakuja kwa maandishi, baada ya mdomo kufunguka. Uso hutangulia, tusi hufuata, na mvua ni ukuta wa kutazamwa. Mwaka 1959 mvua inasikika, na sauti hazina budi kushindana nayo. La kwanza ni onyesho la watu wasioweza kufikiana. La pili ni la watu wanaosikiana vizuri mno. Hapana lililosahihishwa hapo. Maana imebadilika.

Peter Brooks, katika kitabu chake cha 1976 kuhusu melodrama, alionyesha kuwa utanzu huu tangu mwanzo uliupa ububu na ishara ya mwili nafasi kuu, kwa kuwa ukweli wa kimaadili unaotafutwa hauwezi kusemwa wazi. Baba wa Ukigusa hawezi kutamka neno "mwanangu" kwa sababu kazi yake inadharauliwa. Sauti iliyopatikana mwaka 1959 haikumfungua ulimi. Hata kituoni, mwishoni, upatanisho na hawara unaanza kwa njiti ya kiberiti anayomwashia, naye kwanza anaikataa.

Ni kweli, na wapinzani wetu wana haki kulisema, kwamba filamu ya pili isingekuwapo bila ya kwanza. Lakini kutangulia kwa wakati si kutangulia kwa hadhi. Mtambaji aliyeitamba ngano ujanani akaitamba tena uzeeni hajitengenezei nakala. Mwaka 1959 nafasi ya baba ilichezwa na Nakamura Ganjiro wa Pili, mwigizaji wa kabuki aliyezaliwa mwaka 1902. Baba huyu akisema ataanza upya, hadhira inajua siku zilizomsalia si nyingi. Hilo halikuwamo katika utambaji wa ujana, wala halikupaswa kuwamo.

Mwanafunzi anayelinganisha matini mbili asiulizwe tena ipi ni asili. Aulizwe nani anasimulia, kwa nani, katika umri gani, na ni nini kisichoweza kusemwa. Mhakiki asiyeweza kuuliza hayo, na aache kusahihisha tasnifu za fasihi linganishi.