Dawa za kupunguza uzito Burundi: 'Bila cheti cha daktari' si sawa na 'bila ushauri'

Katika habari za afya, Burundi hutajwa zaidi kwa utapiamlo kuliko kwa unene. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016 na 2017 ulionesha kuwa asilimia 56 ya watoto walio chini ya umri wa miaka mitano walikuwa wamedumaa. Hata hivyo, nchi yenye watoto waliodumaa inaweza pia kuwa na watu wazima, hasa wa mijini, wanaotaka kupunguza uzito kwa sababu za kiafya au za mwonekano.

Kwa mkazi wa Gitega, mji mkuu wa kisiasa tangu mwaka 2019, au wa Muyinga, mji ulio kwenye barabara iendayo mpaka wa Kobero na Tanzania, bidhaa za namna hiyo zinaweza kumfikia kupitia duka la dawa, mfanyabiashara wa mpakani au tangazo la kwenye simu. Njia anayoichagua ndiyo inayoamua kama atakuwa na mtu wa kumuuliza.

Dawa moja, masharti mengi

Dawa ya kupunguza uzito inayojulikana zaidi kati ya zinazouzwa bila cheti cha daktari ni orlistati, inayoandikwa orlistat kwenye pakiti. Marekani iliruhusu iuzwe hivyo mwaka 2007 na Umoja wa Ulaya mwaka 2009, kwa kipimo cha miligramu 60. Kile cha miligramu 120 kilibaki kuwa cha cheti.

Dawa hii huzuia takriban robo ya mafuta ya chakula yasisagwe tumboni, yakatoka na choo. Haizuii wanga, sukari wala pombe. Kwa hiyo mtu aliyenenepa kwa ugali wa muhogo, soda na bia hatarajiwi kupata nafuu kubwa. Naye anayeimeza na kula maharage yaliyojaa mawese anaweza kuharisha mafuta na kushindwa kujizuia.

Masharti ya Ulaya yanaonesha dawa hii ni ya nani. Ni ya mtu mzima wa miaka 18 au zaidi ambaye uwiano wa uzito na urefu wake ni 28 au zaidi. Kwa mwenye urefu wa mita 1.60, hiyo ni takriban kilo 72; mwenye urefu huohuo na kilo 60 haihitaji. Humezwa pamoja na mlo wenye mafuta, si zaidi ya vidonge vitatu kwa siku wala miezi sita. Uzito usipopungua baada ya wiki 12, mtumiaji hushauriwa kumwona daktari au mfamasia. Kwa kuwa hupunguza ufyonzwaji wa vitamini A, D, E na K, vidonge vya vitamini humezwa wakati wa kulala.

Wajawazito na wanaonyonyesha hawapaswi kuitumia. Inaweza pia kuvuruga dawa za kuzuia damu kuganda, za tezi ya shingo, za kifafa, na za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI. Sheria iliyomwondoa daktari katika mauzo haya ilimwacha mfamasia ayaulize hayo yote. Anayenunua sokoni au kwa simu huwakosa wote wawili.

Chai isiyotaja kilichomo

Hatari kubwa zaidi imo katika bidhaa zinazoitwa za 'asilia'. Mwaka 2010, dawa ya sibutramini iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani baada ya utafiti uliohusisha takriban wagonjwa 10,000 kuonesha kuwa iliongeza mshtuko wa moyo na kiharusi. Tangu hapo, wadhibiti katika nchi mbalimbali wameendelea kuigundua ndani ya chai na vidonge vinavyodaiwa kuwa vya mitishamba, bila kutajwa kwenye pakiti.

Chai inayokata hamu ya kula ghafla, ikakausha kinywa, kufukuza usingizi na kuufanya moyo uende mbio inapaswa kushukiwa, hata kama pakiti yake ina picha za majani.

Wajibu wa mamlaka na wa mnunuzi

Mamlaka ya Burundi ya kudhibiti dawa na vyakula, ABREMA, inasimamia dawa za binadamu pamoja na vyakula. Upana huo una maana hapa, kwa sababu bidhaa moja inaweza kutangazwa kama dawa leo na kama chai kesho. Lakini udhibiti wa mpaka pekee hautoshi pale ambapo mzigo unaweza kuwa mdogo kiasi cha kutosha mkobani.

Kwa mnunuzi wa Gitega au Muyinga, tahadhari huanza kabla ya kulipa: pakiti itaje kiambato, kiasi chake, mtengenezaji, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi, na muuzaji aweze kueleza nani hapaswi kuitumia. Anayekosa majibu hayo ana sababu ya kutonunua. Aliyekwisha kumeza, kisha akaona macho ya manjano, mkojo mweusi au maumivu makali ya tumbo, anapaswa kuacha dawa na kwenda hospitali mara moja, akiwa na pakiti yake mkononi ili mganga ajue kilichotumika.