Semina ya hoteli haiondoi ubaguzi shambani

Mwajiri mkubwa akilalamikiwa kwamba kwake kuna ubaguzi, dawa ya kwanza anayoitafuta ni semina. Watu wanaketi hotelini siku nzima, wanapewa kalamu na daftari, wanasaini posho na kuondoka. Kesho yake nyapara ni yule yule na mambo ni yale yale.

Siipingi elimu hiyo. Ninachopinga ni kuwapelekea wasiohusika. Katika mashamba yetu ya kahawa, maua na mboga, anayeamua nani apate kibarua leo si meneja aliyeko ofisini, ni msimamizi wa zamu. Ndiye anayewapanga akina mama kuchambua kahawa na vijana wa kiume kushika mizani. Ndiye anayemrudisha mjamzito nyumbani. Wengine hudai "chochote" kwa binti anayetafuta kazi. Basi huyo ndiye awe wa kwanza kufundishwa.

Afundishwe nini? Kwanza, sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumbagua mfanyakazi kwa kabila, dini, jinsia, ujauzito, ulemavu, umri au kwa kuwa na virusi vya ukimwi. Kumnyanyasa mtu kwa sababu hizo nako ni ubaguzi. Rushwa ya ngono ni kosa la jinai chini ya sheria ya rushwa ya mwaka 2007. Nayo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3.

Pili, afundishwe kwa mambo ya pale pale kazini. Ifunguliwe orodha ya malipo, ionekane nani analipwa kiasi gani kwa kazi ile ile, na nani hajawahi kupewa usimamizi ingawa kazi anaijua.

Tatu, pawepo mahali pa kulalamika pasipopitia kwa nyapara huyo huyo. Mfanyakazi aelezwe pia kuwa ipo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na namna ya kuifikia. Bila hilo, mafunzo yote ni kutwanga maji kwenye kinu.

Ndugu msomaji mwenye duka au ekari tatu, usiseme haya ni ya makampuni. Ukiwalipa wanawake pungufu kwa palizi ile ile, au ukimwondoa muuzaji hodari kwa sababu ana mimba, unayempoteza ni mtu anayeijua kazi na kuwajua wateja wako. Utaanza kumfundisha mwingine kwa gharama yako, na huenda yule wa kwanza akafungua biashara jirani.

Kwa hiyo, anayetaka kujua kama semina imefaa, asitazame vyeti ukutani. Aende getini asubuhi, vibarua wanapochaguliwa, aangalie nani anaitwa na nani anaachwa.